Kilima Kisicho na Mti wa Kushika

Kiwiko cha kulia bado hakikunjiki, na mama muuza karanga wa njiapanda amenibandika jina: Papa Mteremko. Watoto wake wamelidaka. Sasa hata nikipita kwa miguu naitwa hivyo.

Chanzo ni video za simu: watu wa Ulaya wamevaa kofia ngumu, wanaporomoka milimani kwa baiskeli huku wanacheka. Nikajiuliza, hapa Kolwezi vilima tunavyo, kinga, yaani baiskeli, ninayo, kimepungua nini? Kilichopungua ni breki.

Kinga yangu ina breki za fito. Ukibana mkono, fito moja inavuta nyingine, inapita shingo ya usukani, inashuka mpaka kwenye vipande viwili vya mpira vinavyopanda kubana rimu upande wa ndani. Ni ufundi mtamu. Nimewahi kukaa jioni nzima nikibana na kuachia tu. Ila rimu ya chuma ikilowa, mpira unateleza, na asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Hata waanzilishi wa mchezo huu breki ziliwatesa. Mwaka 1976 kule California walishindana kushuka njia iitwayo Repack kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya kitovu, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Grisi iliungua ikawa moshi, ikabidi kitovu kifunguliwe na kupakwa upya. Yangu haikupata hata nafasi ya kupata joto.

Nilichagua kilima cha shaba. Vilima hivi ni vipara: shaba ikizidi ardhini miti haioti, yanabaki majani na maua madogo ambayo wajuzi wa mawe huyafuata wakitafuta madini. Kwao ni ramani. Kwa mtu anayeporomoka ni msiba, maana hakuna mti wa kushika. Nilibana mkono. Fito zote ziliitikia kwa heshima, mpira ukagusa rimu, kinga ikaongeza mwendo. Kijana mmoja msukuma makala, yaani makaa, akapiga kelele: "Papa, tia muguu!" Nikatia. Kiatu kikabaki juu, mimi nikaendelea mpaka mtaroni, usukani umegeukia Zambia.

Sijakoma: tangu hapo mnyororo umeshachomoka, na juzi alikatiza mbuzi.

Siku ile ya mtaroni, kijana yule wa makala ndiye aliyeninyooshea usukani, tairi la mbele kalibana kwa magoti. Kinga yake ilibeba magunia matatu na haikuwa na breki hata ya mapambo. Mteremkoni hukandamiza tairi la nyuma kwa kandambili. Ninachokiita mchezo, yeye anakifanya apate hela ya unga, malori ya madini yakimpita ubavuni, vumbi mpaka kwenye meno. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, nyingi kutoka hapa Lualaba, na baadhi inaishia kwenye betri za baiskeli za umeme zinazomsaidia mtu kupanda mlima kwa starehe. Yeye anasukuma. Hilo silicheki.

Ndugu dereva wa lori, ukiona magunia ya makala yanashuka mbele yako, mpishe mwenye nayo. Hana cha kumsimamisha.