Kiuno changu na harusi ya mpwa wangu

Mpwa wangu anaolewa, na kamati ya harusi imepitisha, bila hata kunipigia simu, kwamba wajomba wataingia kwa ngoma. Gari hapana, spika hapana. Tuingie kwa miguu yetu, tukicheza, mbele ya watu wanaotujua. Na mjomba mkubwa ni mimi. Nina miaka 54, goti la kushoto linalojua mvua itanyesha lini, na kiuno ambacho tangu nianze kazi za kukaa kitini kimebakiwa na kazi moja tu: kushikilia mkanda.

Nikamfuata dada yangu, mama wa bibi harusi. "Dada, mimi niongezeni mchango. Kucheza waachieni vijana."

"Mchango utatoa," akanijibu, "na kucheza utacheza. Mjomba asiyecheza harusi ya mpwawe ana neno moyoni."

Hapo nimeshanaswa. Tanga hii ukishasemwa una neno moyoni, habari itapanda baiskeli na kuzunguka barabara zote za Ngamiani kabla ya adhana ya adhuhuri.

Nikajipa moyo kwamba ngoma naijua, kwa sababu kutwa tunaitaja. Pale barazani tunaponywea kahawa, Coastal Union wakitoka sare, ngoma droo. Kesi ya kiwanja ikiahirishwa, ngoma bado mbichi. Mtu akianza kujitapa, tunamkumbusha kuwa ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Vijana wakifungua biashara kwa vishindo, tunatazamana na kunong'ona: ngoma ya watoto haikeshi. Kwa mdomo, mimi ni fundi. Kumbe miguu haikuwa ikisikiliza mazungumzo.

Kamati ikatuletea mwalimu. Kijana mpole, fulana nyeupe, filimbi shingoni kama mwamuzi. Sishangai sana, pale Bagamoyo chuo cha sanaa kipo tangu 1981, na siku hizi mtu anapata cheti cha ngoma kama mwenzake anavyopata cha uhasibu. Huyu wetu alikuja na karatasi, amezichapa vizuri, juu zimeandikwa: "Istilahi na miondoko ya msingi". Kuingia. Kukanyaga. Kugeuka. Kukata kiuno. Kutikisa mabega. Kupokea wimbo. Wajomba wanne tukapangwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, kila mmoja na karatasi yake, tukiwa tumevaa miwani ya kusomea. Sijui kama kuna ngoma yoyote ya pwani iliyowahi kuanza kwa watu kutafuta miwani.

"Mjomba, hesabu. Moja, mbili, tatu, geuka."

Nikahesabu. Moja ilinikuta, mbili ilinipita, tatu nikaikuta imekaliwa na shemeji yangu, na kwenye geuka tukatazamana uso kwa uso kama mbuzi wawili darajani.

Mama yangu alikuwa kwenye mkeka na ungo wake, anachagua mchele. Hakuinua kichwa. "Mwanangu, ngoma inahesabiwa tangu lini? Wali unauhesabu punje?"

Kijana wa watu akanyamaza kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Basi tufundishe wewe."

"Marahaba." Akasukuma ungo pembeni. "Sikilizeni. Vumi ni la miguu. Chapuo ni la kiuno. Mikono haina ngoma yake, inajibu tu."

Ndiyo ikawa istilahi nzima. Vumi, ile ngoma kubwa yenye sauti nzito, ikisema dum, unyayo unashuka. Chapuo, ile ndogo yenye maneno mengi, ikibwabwaja juu yake, kiuno kinabwabwaja nayo. Mama akainuka kutuonyesha. Alicheza lelemama enzi zake, ngoma ya akina mama waliosimama safu moja wamevaa sare, na mwendo wao ulikuwa mdogo hata mgeni akadhani wamesimama tu. Nyayo zake hazikuondoka juu ya mkeka. Kanga ilitikisika kidogo pembeni, viganja vikapinduka kimoja kimoja kama mtu anayeonyesha kwamba hakuficha kitu, shingo ikaegemea upande, basi. Sekunde kumi hivi. Nilihisi aibu kwa jasho langu lote.

"Umeona?" akasema. "Anayeruka sana hana ngoma, ana haraka."

Mke wangu yeye ni wa Lushoto. Alikuwa jikoni anacheka, akatoa kichwa dirishani kunikumbusha kwamba kwao ngoma ni mdumange, na kwamba mlimani mwanamume haandikiwi kwenye karatasi namna ya kunyanyua mguu. Nilimjibu kwamba watu wa milimani wanacheza vizuri kwa sababu ya baridi. Chakula cha mchana siku ile kilichelewa.

Mabinti wa jirani nao walitaka tuchanganye na baikoko. Jamani! Baikoko ni ya hapahapa Tanga, ngoma ya Wadigo, na mauno yake yamefika hadi Dar es Salaam na kurudi yakiwa yamesemwa vibaya magazetini. Mimi siisemi vibaya. Ninachosema ni kwamba ule mzunguko unataka kiuno kinachojitegemea, kama taifa huru. Changu bado koloni la mgongo.

Nikatafuta wa kumlaumu, maana mtu wa Tanga hakosi. Nikamlaumu marehemu baba. Ujana wake ulikuwa wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, suruali pana na rumba. Lelemama aliijua kwa kumpeleka mama na kumngoja nje. Na hili la kuijua rumba kuliko ngoma halikuanza kwetu peke yetu. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipohutubia Bunge akiwa Rais mpya, alilalamika kwamba wengi tumejifunza rumba, chachacha, twisti na hata walisi, lakini ni wangapi wanaojua gombe sugu, kiduo au lelemama? Siku hiyohiyo akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Wizara zimekuja na kubadilika majina. Swali lake lilinikuta chini ya mwembe, na karatasi mkononi.

Ila mama hakuniacha nijifiche nyuma ya rumba ya baba. Akasema babu yangu naye alikuwa na mambo ya kigeni: beni. Enzi za Mjerumani na za Mwingereza, pwani hii iligawanyika kwa beni, huku Marini, kule Arinoti. Marini wakijiona wastaarabu, Arinoti wakijiona wengi. Tarumbeta, gwaride, vyeo vya kingi na jenerali, mtu kutwa ni mchukuzi bandarini na jioni ana mabega ya afisa. "Waliiga gwaride la Wazungu," mama akasema, "lakini walilicheza mpaka likawa lao. Nyinyi mnaiga nini? Karatasi?"

Ikafika siku yenyewe. Saa kumi jioni wapigaji wakawasha makuti makavu nyuma ya jiko, wakaziweka ngoma karibu na moto, nyuso za ngozi zimeuelekea. Mzee mmoja alikuwa akiigonga ngozi kwa kidole, anatega sikio, anaisogeza mbele inchi moja, anagonga tena. Mara ya kwanza ilitoa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Baada ya dakika chache ikaanza kuita. Ndipo nikajua, baada ya miaka 54 ya kusema "ngoma bado mbichi" kuhusu kesi na uchaguzi, kwamba kumbe kuna ngoma mbichi kweli, na dawa yake ni moto na subira. Nikatamani na goti langu liwekwe pale.

Zumari likalia. Tukaingia.

Kuingia, istilahi ya kwanza, nilikuwa nimeifanyia mazoezi siku nane. Nikaingia kama mtu anayeingia benki kuulizia mkopo. Vumi likasema dum, mguu ukashuka, nikafurahi. Kufurahi kukanisahaulisha dum ya pili. Shemeji akageuka kulia, mimi kushoto. Kiuno nikakiamuru kifuate chapuo, kikanijibu kwa sauti, "kwa!", na waliokaa mbele walisikia. Akina mama wakapiga vigelegele, na mpaka leo sijui vilikuwa vya kunisifu au vya kufunika ile sauti. Mzee wa chapuo, mwenye huruma zake, akaanza kupunguza mwendo ili anifuate mimi. Kwa mpiga ngoma wa pwani, hiyo ni sadaka.

Nikajituliza kwa methali: mcheza kwao hutunzwa. Hapa ni kwetu. Hawa ni wangu. Watanitunza.

Na kweli. Watu wakagawanyika, nikamwona mama anakuja, kanga mbili, mwendo uleule mdogo wa mkekani, viganja vinapinduka. Uwanja mzima ukanyamaza kumtazama. Mkononi ana noti ya elfu kumi. Alinizunguka mara moja, akaibandika noti kwenye paji langu lenye jasho, ikanasa barabara. Watu wakashangilia. Mimi machozi yananilengalenga, nikainamisha kichwa anibariki.

Akanisogelea sikioni. "Hii ni ya kukaa chini, mwanangu. Mwache mzee wa chapuo apumzike."

Nikakaa. Methali imetimia, haikusema mcheza kwao hutunzwa kwa sababu gani. Nilikuwa bado nahema, elfu kumi iko pajini, alipofika mweka hazina wa kamati na daftari lake. Akaibandua taratibu, akaiandika: "Mjomba mkubwa, nyongeza ya mchango."