Andika Elfu Moja

Sisi watu wa Ruvuma hatuna uzoefu wa kuhuzunika tukiwa tumekaa. Chukua mganda, ngoma ya mwambao wa Ziwa Nyasa. Mizizi yake ni magwaride ya askari wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, waliorudi makwao baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo unachezwa kwa mstari, nguo nyeupe zimenyooshwa pasi, viatu vinang'aa, mabuyu yanapulizwa kama tarumbeta. Mwenye majonzi yake aingie nayo kwenye mstari. Akija mtu mmoja na gitaa kavu, bila ngoma, bila spika, akakalia kigoda na kuanza kuimba uchungu, hatujui mikono tuiweke wapi.

Ndivyo ilivyokuwa kijijini Liparamba usiku mmoja, kijana wa namna hiyo alipotuimbia. Kijana mwenyewe ni mzaliwa wa palepale. Alivuka ziwa kutafuta maisha, akarudi na gitaa na tabia ya kufumba macho anapoimba. Ng'ambo huko Malawi wamezoea wasanii wa aina hiyo. Mzee Giddes Chalamanda alishika gitaa miaka nenda rudi, na mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka tisini hivi, wimbo wake “Linny Hoo” ulizagaa TikTok. Kongo nako, Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa na gitaa lake moja tu, na jina lake likafika mpaka Nairobi. Kwa hiyo kijana wetu hakuzua jambo. Kosa lake ni kutuletea sisi.

Nilitoka Mbinga kwa bodaboda, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye meno, nikapewa kiti cha mbele kwa kuwa mimi ni mwalimu. (Ualimu wa vijijini ndivyo ulivyo: kwanza unapewa kiti, halafu unapewa kazi.) Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mapenzi, ukapita salama. Mzee mmoja alikwenda kumtunza mwimbaji kwa kumbandika noti kwenye paji la uso, kama wafanyavyo kwenye dansi. Lakini ulikuwa mwezi wa Julai, baridi kali, jasho litoke wapi? Noti ikaanguka. Akaiokota, akaibandika, ikaanguka tena. Mwishowe akailamba kama stempu, ikashika. Kijana, macho kafumba, akaendelea kupiga.

Kisha ukaja wimbo wa mama.

Katika wimbo huo yuko mbali, habari ya msiba inamfikia, upepo wa mwera umelichafua ziwa, hakuna chombo kinachothubutu kuvuka, na mama anazikwa bila yeye. Sauti yake ilikuwa ya chini, unalazimika kuinama ili umsikie. Ubeti wa pili haukuisha. Akina mama wakajifunga kanga viunoni na kuangua kilio. Babu mmoja akainua mkono: “Simama kwanza, mwanangu, tulie vizuri.” Kijana akasimama, tukalia, babu akapenga kamasi na kumruhusu aendelee. Vijana wawili walishaondoka kutafuta kuni za matanga.

Hapo mwenyekiti wa kitongoji akasimama na ile sauti yake ya makaburini. “Jamani, tusikie ya mwenzetu halafu tuondoke mikono mitupu?” Daftari likatokea, kalamu ikatokea, na vyote vikatua mapajani pangu. Nikachora mistari: jina, kiasi, maelezo. Mtu wa mashine ya kusaga, elfu mbili. Mke wa fundi baiskeli, debe la mahindi, kesho. Gitaa linalia, watu wanapanga foleni, na mimi nauliza, “Elfu moja au mia tano? Sema kwa sauti.”

Kwenye foleni akafika mama aliyekuwa nyuma kabisa akiuza mihogo ya kukaanga. “Mwalimu, andika elfu moja,” akasema, akaiweka hela juu ya daftari. “Msiba wa nani kwani?”

Nikamwambia ni wa mama yake huyu anayeimba.

Alininyang'anya tochi, akammulika kijana usoni. “Wewe! Mimi nimekufa lini?”

Kijana akafumbua macho kwa mara ya kwanza usiku ule. “Mama, huo ni utunzi tu.”

“Utunzi! Na kaburi umenichimbia wapi?”

Fujo ikazuka. Wengine walitaka hela zao, mwenyekiti akasema hajawahi kuona rambirambi ikirudishwa. Babu akauliza, basi machozi yake nani atamlipa? Waliofuata kuni walirudi na gogo, wakaona aibu kulirudisha, wakawasha moto. Angalau tukapata joto.

Mama mwenyewe ndiye aliyeamua kesi. “Rambirambi ni ya mfiwa. Mfiwa huyu bado mtoto, hela zake nashika mimi. Mwalimu, soma majina.”

Nikasoma. Kila jina alinisimamisha. “Elfu mbili? Huyu mwenye mashine? Yaani nife mimi, atoe elfu mbili?” “Debe la kesho! Dagaa wangu alikopa mwaka jana, akasema kesho hiyohiyo.” Aliyetoa mia tano alikuwa keshaanza kurudi nyuma, kuelekea gizani. Nikafika jina la mwisho, la kwake, elfu moja.

“Hiyo nirudishie,” akasema. “Halafu ujiandike na wewe, mwalimu. Jina lako sijalisikia.”