Akiba Haiozi, Hupasuka

Shemeji yangu amekulia Temeke, mahali ambapo maji ya bomba yakitoka, hata sufuria ya pilau inajazwa. Mtu wa malezi hayo humkabidhi gari-nyumba Minnesota ukategemea usalama.

Alilinunua mwishoni mwa majira ya joto kwa mzee mmoja aliyekuwa na haraka ya ajabu ya kuuza. Sisi tukaidhania ukarimu. Lina kitanda, jiko, friji, choo na bafu, na chini ya sakafu tangi la lita 150. Kabla ya kuliegesha uani, Shem alilijaza tangi hilo mpaka likatapika. "Akiba haiozi," akanijibu nilipomuuliza ya nini.

Kweli haikuoza. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na ndani ya bomba hayana pa kuongezekea. Nalo jimbo lenyewe si la mchezo: mji mdogo wa Tower ulishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri mwezi Februari 1996. Ubaya ni kwamba ufa hauonekani Januari, maana barafu yenyewe imeuziba. Unangoja Aprili, uwashe pampu kwa bashasha, ndipo usikie mvua inanyesha ndani ya kabati la nguo. Shem alikuwa amejilaza kitandani akipanga safari. Alitoka akiwa ameoga.

Bili ya fundi sitaitaja, mkewe anaweza kusoma hapa. Ila fundi alikuwa mwungwana, na Oktoba akaja kutupa somo. Fungua koki za chini, maji yote yatoke. Hita ya maji ikishapoa, chomoa kizibo chake, kisha ifungie njia isije ikanywa dawa bure. Halafu pampu ivute dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, si ile ya kijani ya rejeta ambayo ni sumu, mpaka kila bomba liteme pinki: la moto, la baridi, la choo, na kale kabafu ka nje kanakosahauliwa na kila mtu.

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye simu ya video, akauliza, "Wanangu, gari mnalinywesha sharubati ya tikiti?"

Shem hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye maji yanayopotelea kwenye majani. Hakuvumilia. Alikimbia ndani, akaleta ndoo, akakinga. Kufika Desemba ndoo zote zilikuwa jiwe uani, nyingine zimepasuka kitakoni.

Kilichomwingia sawasawa ni somo la betri. Iliyoisha chaji huganda kwenye nyuzi kama 7 chini ya sifuri, iliyojaa inahimili baridi yoyote ya huku. Basi akaichomoa, akailaza chini ya ngazi pamoja na chaja yake, na juu akaifunika blanketi, jambo ambalo fundi hakulisema kabisa. "Betri ina blanketi," mkewe akaniambia, "mimi koti nalidai tangu mwaka jana."

Aprili mabomba yote yalitoka mazima. Godoro ndilo lililoliwa: panya waliona nyumba kavu, haina mtu, haina kodi, wakahamia na kuzaa. Sasa Shem anatafuta paka, na mkewe ameshauliza kama paka naye atafunikwa blanketi.