Mzamivu wa Mara ya Pili

Mtu wa kwanza kumwita "Dokta" alikuja na mbuzi. Ilikuwa wiki ile ile ya mahafali, joho bado limetundikwa mlangoni likisubiri kurudishwa kwa mwenyewe, na mbuzi alikuwa anaharisha. Mwenye nyumba alieleza kwa upole kwamba amehangaika miaka minane kuandika tasnifu juu ya ukaushaji wa mihogo, na kwamba kuhusu mbuzi hajui zaidi ya namna ya kumla. Jirani alimtazama, akamtazama mbuzi, kisha akauliza, "Sasa shule yote hiyo ulikuwa unasomea nini?"

Nyumba ya Dokta iko Busitema, kando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Tororo, ambako malori ya mpaka wa Malaba hayalali. Hapa shahada si kitu cha kushangaza watu. Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo, na tangu hapo unaweza kusimama kwenye foleni ya rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, ukajikuta mbele yako kuna mhandisi, nyuma yako mhandisi, na anayegeuza chapati anangoja matokeo ya mtihani wa uhandisi. Mwenye uzamivu mmoja hapati hata yai la nyongeza.

Kisha ikaja Machi 2020. Corona ikafunga shule na vyuo vyote vya Uganda, na Dokta akabaki nyumbani na mihogo yake. Mkewe alimwita Baba. Watoto walimwita Baba. Kuku hawakumwita chochote. Miezi ikapita bila mtu yeyote kutamka cheo kile cha miaka minane, na mtu asiyetajwa cheo chake kwa muda mrefu huanza kusoma matangazo.

Tangazo lenyewe lilipenya kwenye simu usiku. Chuo kimoja cha ng'ambo, ambacho hapa hakitatajwa, kilikuwa kinatoa shahada ya uzamivu katika uongozi wa kimkakati kwa miezi 12 tu, yote mtandaoni, na uzoefu wa kazi ungehesabiwa kama masomo. Chini kulikuwa na picha ya mzungu mwenye joho akirusha kofia juu.

"Baba," mkewe alisema alipoonyeshwa, "huo udaktari wa kwanza tumeumaliza?"

Alijiandikisha kesho yake.

Tuwe wakweli: Dokta hakuwa mjinga. Alijua kabisa neno uzamivu limetoka wapi. Limetoka kwenye kuzama, na anayezama hutarajiwa kukaa chini ya maji kwa muda fulani kabla ya kuibuka na kitu mkononi. Alijua pia kwamba Kiswahili, kwa ukorofi wake, kimemweka jirani na mzamivu mtu mwingine anayeitwa mzamiaji, yule anayejificha melini afike Ulaya bila tiketi. Na alijua kwamba ng'ambo ya mpaka, kanuni za mwaka 2014 za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya zinataka shahada hiyo ichukue angalau miaka mitatu, pamoja na makala mawili katika majarida yanayohakikiwa. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilipotunuku uzamivu kwa watu 118 katika mahafali moja, nchi nzima ilikuna kichwa na tume ikaingia kuchunguza. Dokta mwenyewe alikuwa amecheka sana siku hiyo. Alicheka kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Lakini mtu aliyekulia Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ana udhaifu wake. Busia ndiyo inayosimuliwa kuwa mahali ilipozaliwa bodaboda: baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria na mizigo yao kutoka mpaka hadi mpaka, katika ile nafasi ya katikati ya vituo viwili ambako magari hayakuweza kuvuka bila makaratasi. Pembeni zikakua njia za panya, ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayekiri kuzipita. Mtoto wa hapo hukua akiamini kwamba penye geti la mbele, nyuma pana uchochoro. Kwa nini elimu iwe tofauti?

Mkasa wa kwanza uliletwa na saa. Chuo kilimpangia mahojiano ya kujiunga, ana kwa ana kwenye skrini, saa 8:00 kwa majira ya Afrika Mashariki. Usiku ule Dokta aliandika kwenye daftari: "Mahojiano saa 8." Asubuhi akaamka, akalisha kuku, akanyoa ndevu bila haraka, akavaa koti na tai kwa juu na kaptula kwa chini, na saa nane kamili mchana akawa mbele ya kompyuta, saa sita baada ya wenzake kufungua kikao. Alikuwa amesoma Kiingereza kwa Kiswahili. Chuo kilimjibu kwamba kutokuwapo kwake kumezingatiwa na kwamba amefaulu mahojiano.

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Badala yake alifurahi.

Mkasa wa pili ulitokana na mihogo. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, Dokta aliona si dhambi kuazima kidogo kutoka tasnifu yake ya kwanza. Akafungua faili la zamani, akaiamuru kompyuta ibadilishe kila penye neno "mihogo" iweke "wafanyakazi", akaenda kuoga. Aliporudi alikuwa na sura nzima juu ya uongozi. Wafanyakazi, ilisema, humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani siku tatu. Wafanyakazi wachungu huwa na sumu nyingi kuliko wafanyakazi watamu, kwa hiyo ni lazima walowekwe kabla ya kusagwa. Kama sayansi ya mihogo, kila neno lilikuwa kweli. Kama sayansi ya uongozi, kuna wakurugenzi wangeitia sahihi.

Programu ya kunusa wizi wa maandishi haikudanganyika. Ilipaka rangi nyekundu zaidi ya nusu ya kurasa na kumtaja mwenye mali aliyeibiwa: Dokta mwenyewe. Fomu ikamtaka alete barua ya idhini kutoka kwa mwandishi wa awali. Akajiandikia barua ya maombi. Kwa heshima akasubiri siku mbili, kisha akajijibu kwamba amekubali, mradi atajwe ipasavyo. Msimamizi wake, ambaye hakuwahi kumwona sura wala kumsikia sauti, alipokea vyote na kuandika: "Mtazamo mpya. Endelea."

Kufikia Desemba alikuwa ameanza kujizoeza sahihi. Alisoma mahali kwamba mwenye udaktari mara mbili Wajerumani humwandika "Dr. Dr.", na jambo hilo likampendeza kupita kiasi. Akamnong'oneza katibu wa kanisa, na Jumapili moja matangazo yakasomwa kwa sauti kubwa: "Tunamshukuru Dokta, Dokta..." Kabla jina halijafika, akina mama wawili walikuwa wameshasimama kumtafuta aliyezirai. Mzee mmoja wa nyuma, ambaye kumbukumbu yake ni ndefu kuliko mahubiri, alimkumbusha mlangoni kwamba Uganda iliwahi kuwa na daktari mwingine wa namna hiyo. Vyeo vya Idi Amin vilipokuwa vikitajwa redioni, "Daktari" alikuja baada ya Alhaji na kabla ya jina, na hakuna aliyethubutu kuuliza tasnifu iko wapi.

Kisha Januari 2021 ikafika.

Sura ya tatu ilipaswa kutumwa kabla tarehe 15 haijaisha. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 14. Jioni ya tarehe 13 intaneti ya Uganda ikazimwa nchi nzima, wala isingerudi hadi tarehe 18. Dokta alibonyeza, akazima, akawasha, akapanda juu ya kiti, akatoka nje akainua simu kama anayeomba mvua. Hakuna kitu. Mkewe akamwambia atulie, nchi nzima iko hivyo. Akajibu kwamba nchi nzima haina sura ya tatu.

Asubuhi ya tarehe 15 alimwita kijana wa bodaboda wa kituo cha pale barabarani, akapanda kwenda Busia. Mpakani, kama inavyojulikana, mtandao wa Kenya hauombi pasipoti. Ukisimama karibu vya kutosha upande wa Uganda, laini ya Kenya hushika minara ya jirani. Walipofika walikuta si wao peke yao wenye akili hiyo: nyuma ya maduka palikuwa na watu wamesimama wakiielekezea Kenya simu zao. Kijana akamwazima laini ya Kenya aliyokuwa nayo, kisha akauliza kuna dharura gani, ni msiba?

"Natafuta udaktari wa pili," Dokta alisema.

Kijana aliyatafakari hayo. "Wa kwanza amegoma?"

Jua lilikuwa kali, kioo cha simu kina ufa, na betri ilikuwa inakata roho. Ndani ya simu kulikuwa na mafaili mawili yaliyokaa bega kwa bega: "Sura ya 3 mwisho kabisa" na "Jiko mwisho kabisa". Hilo la pili lilikuwa orodha aliyoandikiwa na fundi kwa ajili ya jiko jipya la mama watoto. Dokta akachagua, akatuma, akasubiri mstari mdogo wa kijani ufike mwisho, na simu ikazimika kwa heshima. Wakarudi Busitema wakiimba.

Intaneti iliporudi tarehe 18, majibu yalikuwa yanamngoja. Msimamizi alikuwa ameisoma sura kwa furaha. Aliisifu kwa mpangilio wake ulio wazi na kwa kuegemea data halisi. Alishauri tu sampuli ipanuliwe na marejeo yaongezwe. Dokta akafungua nakala ya alichotuma. Saruji ya Tororo mifuko 12. Mabati 20. Misumari ya mabati kilo 3. Mchanga tripu 1. Kokoto nusu tripu. Chini kabisa, kwa mwandiko wa fundi: "Chakula cha mchana cha mafundi, siku 6."

Alimsomea mkewe maoni yote, neno kwa neno.

"Huyo anajua kazi," mkewe alisema. "Hata fundi alisema mifuko 12 haitoshi."

Usiku ule Dokta hakulala vizuri. Umbali peke yake haukumsumbua. Makerere ilipokuwa ikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London, tangu mwisho wa miaka ya 1940 hadi 1963, vijana wa Afrika Mashariki walihitimu bila kuuona mto Thames, na hakuna aliyewacheka, kwa kuwa mitihani ilikuwa mitihani. London yenyewe ilianza kuwapa shahada wanafunzi wa nje tangu 1858. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewafundisha watu kwa posta kabla ya kuwafundisha kwa mtandao. Wala udaktari wa pili si wazimu: Albert Schweitzer, aliyekuwa daktari wa falsafa tangu 1899, alirudi darasani 1905 kusomea tiba, akaimaliza 1913, akaenda Gabon kutibu watu. Lakini wote hao walikuwa na mtu wa kuwaambia, "Hapa umekosea." Dokta alikumbuka profesa wake wa kwanza, aliyemrudishia sura moja ya mihogo mara kumi na moja, na mara ya tisa akaandika pembeni: "Ukavu ni nini?" Miaka minane ile alimchukia. Sasa alitamani kumpigia simu.

Kilichomaliza habari ni paka. Dokta alisoma kisa cha Marekani cha mwaka 2004, pale maafisa wa sheria wa Pennsylvania walipomwombea shahada paka mmoja mweusi aitwaye Colby Nolan katika chuo kimoja cha mtandaoni. Katika uzoefu wa kazi walimtaja kuwa amewahi kulea watoto na kufanya kazi mgahawani. Paka akatunukiwa shahada ya uzamili ya biashara, pamoja na orodha ya alama nzuri za masomo ambayo hakuwahi kuyasikia, na chuo kikashtakiwa. Dokta alisoma mara mbili. Kisha akahesabu: paka hakuwa ametuma hata orodha ya saruji.

Aliacha kulipa ada mwezi uliofuata. Chuo hakikuacha kumpongeza. Barua pepe ziliendelea kuja, kwanza za kumhimiza, kisha za kumpa punguzo, na mwishowe moja ya kumkaribisha kwenye mahafali, ambayo yangefanyika kwenye skrini, mavazi rasmi. Jiko lilikamilika Machi. Lilikula mifuko 17.

Yule kijana wa bodaboda, hata hivyo, hakuambiwa kwamba habari imekwisha. Siku moja Dokta alipanda kwenda Tororo, akashuka chini ya kivuli cha mwamba wa mji huo, akatoa nauli ya kawaida. Kijana akaihesabu, akabaki amenyoosha mkono.

"Haijatimia, Dokta. Hii ni ya mtu mmoja."

"Kwani nimepanda na nani?"

"Wewe mwenyewe uliniambia. Madaktari ni wawili."

Dokta akamtazama, akafunga pochi yake, akairudisha mfukoni.

"Mmoja," alisema, "alishukia Busia."