Swali la Nyongeza

Barua ilikuja ndani ya daftari la Hisabati, imekunjwa mara nne: mzazi unaombwa kuchangia ziara ya mafunzo Dodoma, watoto wakaone Bunge. Nikauliza kwa nini wasiende kwenye kumbukumbu ya Livingstone hapa hapa Ujiji, alipokutana na Stanley mwaka 1871, nauli yake miguu. Binti yangu akasema wameshakwenda mara tatu. Nikalipa. Kwa kosa la kulipa mapema, nikateuliwa mzazi msindikizaji.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mgongo wangu ungeishukuru sana, ila siku ya treni haikulingana na siku ya Bunge. Basi, basi. Kabla ya Uvinza kifuniko cha dumu la mawese, zawadi ya shangazi wa mtu, kilikuwa kimelegea. Tulipopita Tabora walishauliza mara kumi kama tumefika. Manyoni nilishazijua nyimbo zao zote, pamoja na ile ya kumsema mwalimu.

Asubuhi, kwenye ukaguzi, mfukoni mwa mvulana mmoja kikatoka kifurushi cha dagaa wakavu. Mlinzi akakifungua, akanusa, akamtazama mtoto.

"Wa Kigoma?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Kilo shilingi ngapi siku hizi?"

Saa tatu kamili siwa ikaingia, Spika na joho lake, dua ikasomwa. Watoto walitarajia ngumi, kama wanazoziona kwenye simu za kaka zao kutoka mabunge ya ng'ambo. Wakapewa kipindi cha maswali. Mbunge mmoja akauliza barabara yake itajengwa lini. Naibu Waziri akasimama, akasema Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, na itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana.

Binti yangu aligeuka taratibu akanitazama. Jibu hilo analijua. Ndilo ninalompa tangu Januari kuhusu viatu.

Maswali yalipokwisha yakaja matangazo ya wageni: wanafunzi na walimu wao kutoka Kigoma. Tukasimama, waheshimiwa wakagonga meza, tukaketi. Zaidi ya kilomita 700 kwa kusimama muda wa kupiga chafya! Na mzazi msindikizaji hakutajwa. Nilishavuta shati na kukaa mkao wa picha.

Ningenyamaza kama yangeishia Dodoma. Sasa kwangu hakuna chakula bila kikao. Nikimkaripia mdogo wao, anainua mkono: "Taarifa!" Mama yao ndiye Spika, hakupigiwa kura na mtu. Mimi ndiye Serikali, peke yangu, bila hata naibu.

Juzi tumezunguka sinia la ugali wa muhogo, binti akasimama. Je, ni lini Serikali itanunua viatu? Nikajikohoza, nikasema Serikali inatambua umuhimu wa viatu hivyo, na vitanunuliwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Nikamega tonge.

"Mheshimiwa Spika, swali dogo la nyongeza. Kwa kuwa Jumamosi Serikali ilionekana Kibirizi ikiwanunulia rafiki zake migebuka ya kuchoma, je, fedha hizo zilitoka fungu gani?"

Mdogo wake akagonga meza. Mama yao akasogeza bakuli la mchuzi mbali na mkono wangu.

"Serikali, majibu."