Kompyuta Iliyokuwa Ikizima Mchana

Nilikuwa nimebakiza wanachama wanne tu. Kikundi chetu cha vikoba, kina mama 24 wa hapa Ngamiani, Tanga, kilikuwa kinagawana akiba ya mwaka, na mimi mweka hazina ndiye niliyekuwa na hesabu zote kwenye kompyuta ya mezani pale sebuleni. Nikaandika jina, nikaandika hisa, kioo kikawa cheusi. Kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi, feni ikavuma na mashine ikaanza kujiwasha yenyewe. Hesabu za saa nzima hazikuwepo tena.

Nikamwita mwanangu. Yuko kidato cha tatu, na akitoka shule hupenda kucheza mpira wa kwenye kompyuta. "Wewe ndiye uliyeleta virusi humu," nikamwambia. Akajibu, "Mama, sijaigusa tangu Ijumaa." Sikumsikiliza. Nikampiga marufuku, baba yake akaniunga mkono. Kompyuta ikazima Jumatatu, na Jumanne ikazima mara tatu, mtoto yuko darasani.

Hilo peke yake lingetosha kunizindua. Lakini tulimwita fundi wa mtaani, akapiga Windows upya kwa shilingi 20,000. Kesho yake saa tano asubuhi ikazima.

Jumamosi akaja mtoto wa kaka yangu aliyesomea umeme. Hakukimbilia bisibisi. Aliketi akauliza, "Shangazi, ikizima inaonyesha maandishi kwenye kioo cha bluu, au inakata ghafla?" Nikamwambia inakata ghafla. Akanieleza kwamba Windows imepangwa toka mwanzo ijiwashe upya yenyewe inapopata hitilafu kubwa, hivyo kioo cha bluu huweza kupita kabla mtu hajakisoma. Akaingia kwenye mipangilio akaondoa alama ya kujiwasha upya. Kama kosa lingekuwa la programu, sasa maandishi yangebaki pale tuyasome. Kisha akafungua daftari la matukio la Windows yenyewe. Safu kwa safu imejaa tukio namba 41, Kernel-Power. Nikadhani tumempata mwizi. "Bado, shangazi. Namba hii inasema tu kwamba mashine imewaka bila kuzimwa kwa utaratibu. Haisemi aliyeizima ni nani."

Tulipofungua ubavu wa kompyuta nilishika kichwa. Vumbi lilikuwa limeshonana kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa mpaka upepo wa feni hauna pa kupita, na skrubu mbili zimeota kutu ya hewa ya bahari. Tukasafisha kwa brashi mpya ya rangi, huku ameizuia feni kwa kidole isizunguke. Akafuta pesti ya zamani iliyokauka kama chokaa, akapaka mpya kiasi cha punje ya dengu. Joto la prosesa likasoma nyuzi 48. Tukashangilia, tukanywa chai. Haikuvuka adhuhuri, kioo kikawa cheusi tena, wala hakikupitia kwenye bluu.

Akachomoa ramu mbili, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akazirudisha. Usiku akaiacha mashine ijipime kumbukumbu mpaka alfajiri. Tuliamka tukaikuta inapima bado: hakuna kosa hata moja, na haikuzima hata mara moja. Nikasema imepona. Yeye akakunja uso. "Mbona usiku haizimi, shangazi?"

Kabla hajaondoka akaniachia kazi: kila ikizima, niandike saa na kilichokuwa kinaendelea ndani ya nyumba. Nikachukua daftari la shule. Saa nne na dakika kumi, naandika barua. Saa tano kasorobo, hakuna aliyekaa. Saa saba na nusu, baba anaangalia taarifa. Siku nne niliandika hivyo, nikasoma mara nyingi, sikuona kitu.

Aliyeona ni mama mkwe. Yeye hushinda pale sebuleni kwenye mkeka na tasbihi yake, macho yamepungua nguvu lakini masikio yake ni mazima. Siku ya tano ikazima mbele yetu sote, akasema taratibu, "Mwanangu, kila ikifa hiyo, friza lako linakuwa ndiyo kwanza limeanza kunguruma."

Friza ni la biashara yangu ya barafu za ubuyu. Lilikuwa nyuma ya ukuta wa sebule, kwenye waya mmoja wa ekstensheni pamoja na kompyuta. Na kila siku baada ya swala ya isha, mama mkwe mwenyewe ndiye hulizima kubana umeme, akaliwasha alfajiri. Ndiyo maana usiku kompyuta ilikuwa salama.

Tukajaribu. Kompyuta inawaka, friza linazimwa, tunasubiri dakika kumi kwa sababu kompresa haitaki kuwashwa mara tu baada ya kuzimwa, kisha tunaliwasha. Mara ya kwanza salama. Ya pili salama. Ya tatu, giza.

Kijana aliporudi na mita yake alifurahi kuliko sisi. Kompresa inapoanza kuzunguka, akasema, huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inaovuta ikishachanganya, na kwa muda mfupi sana umeme wa njia ile hushuka. Pawa saplai, yaani lile sanduku linaloigawia kompyuta umeme, ikiwa nzima huvumilia mshuko huo, maana kapasita zake zimehifadhi umeme wa kuivusha. Zikichakaa, akiba inaisha kabla mshuko haujapita. Akapima waya wa njano unaotakiwa kutoa volti 12. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani isipungue 11.4. Yetu ilisoma 11.2, na alipomulika tochi kwenye matundu tukaona vichwa vya kapasita mbili vimevimba.

Tulipata pawa saplai nyingine kwa shilingi 35,000, iliyotoka kwenye kompyuta ya ofisi. Alizipima uzito mkononi zote zilizokuwepo kabla ya kuchagua, akaziacha zile nyepesi zenye maandishi makubwa ya wati. Friza likapewa soketi yake ukutani. Kompyuta haijazima tena tangu siku hiyo, na wanachama wote 24 tumepata mgao wetu sawasawa.

Mwanangu nilimwomba radhi mbele ya baba yake na bibi yake. Alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, na kompyuta yenyewe ilimtetea Jumatatu na Jumanne tusione.

Nawe msomaji, kama yako inakata hivi, tenganisha soketi, andika saa, waulize wote wanaokaa nyumbani mchana. Lakini lile sanduku la pawa saplai usilifungue. Kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani.