Vita Vile Vina Jina: Waraka kwa Walioandaa Tamasha la Kongo

Ndugu waandaaji,

Kwanza nasema ahsanteni. Kukodi ukumbi Dar es Salaam, kupata vyombo vinavyosikika vizuri, kuwaita wasanii wakubwa na kuwatoa watu majumbani kwa ajili ya majirani zao wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika si kazi ndogo. Ukumbi ulijaa. Watu walilipa kiingilio wakiambiwa kwamba fedha yao inakwenda kwa wahanga wa vita mashariki mwa Kongo, na wengi walitoa kuliko walichoombwa. Wema huo ndio unaonifanya niwaandikie. Mliaminiwa, na aliyeaminiwa huulizwa.

Nilikaa mpaka wimbo wa mwisho, nikisubiri mtu mmoja apande jukwaani aseme ni vita gani. Hakupanda. Mshereheshaji wenu, kijana mwenye sauti nzuri, alituambia habari za "hali ngumu", "changamoto za wenzetu" na "mambo yanayoendelea kule". Wadhamini aliwataja kwa majina kamili, tena na tena, hata aliyeleta maji ya chupa. Vita pekee ndivyo vilivyonyimwa jina. Mtu aliyeingia bila kusoma bango la mlangoni angeweza kudhani tunachangia mafuriko. Lakini mvua haina wa kumuuliza. Vita vina wenyewe.

Nilichotarajia kusikia si siri. Kundi la waasi la M23 liliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na kabla Februari haijaisha lilikuwa limeshika Bukavu. Goma hiyo hiyo lilikuwa limeiteka Novemba 2012. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika taarifa zao kwamba jeshi la Rwanda linalisaidia kundi hilo. Serikali ya Kigali inakanusha. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, lililitaka jeshi la Rwanda liache kuwaunga mkono M23 na liondoke katika ardhi ya Kongo. Tarehe 8 ya mwezi huo huo, mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ulifanyika hapa hapa Dar es Salaam. Vita vilivyojadiliwa na marais mchana kweupe katika mji huu, ninyi mliona haya kuvitaja usiku mbele ya watu waliolipa.

Halafu kuna Rubaya, huko Masisi. Machimbo yake ya koltani yalitwaliwa na M23 mwaka 2024, na wataalamu hao hao wameeleza jinsi kundi linavyotoza kodi madini yanayotoka pale. Koltani ndiyo inayotoa tantali, na tantali hutumika kutengenezea simu kama zile tulizoziinua juu ukumbini, taa zikiwaka, mlipotuomba tuwashe. Mmoja wa wadhamini wenu ni muuza simu. Sisemi ana hatia. Nasema alistahili kuulizwa madini yake yanatoka wapi, na usiku ule ulikuwa usiku wa kuuliza.

Kilichoniuma kuliko vyote ni kimya juu ya askari wetu. Mwaka 2013 brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, ilisaidia kuwashinda M23. Desemba 2017 kambi ya Semuliki, huko Beni, ilivamiwa na waasi wanaosadikiwa kuwa wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, na tukapoteza vijana zaidi ya kumi katika shambulio moja. Vijana wetu wakarudi tena Kongo na kikosi cha SADC kilichoanza kupelekwa Desemba 2023, na wapo waliorejeshwa nyumbani ndani ya majeneza. Kusimama dakika moja kwa heshima yao kungewagharimu nini? Mlipata muda wa kumwimbia mdhamini wimbo wa siku yake ya kuzaliwa.

Nimeambiwa kwamba hamkutaka kuchanganya muziki na siasa, wala kuwagawa watu. Hofu hiyo naielewa. Dar es Salaam kuna Wanyarwanda ambao hawajamkosea mtu, na Kongo kuna raia wanaozungumza Kinyarwanda wanaobaguliwa katika nchi yao wenyewe. Kutaja jeshi na kundi lenye silaha si kutukana kabila. Mtu mwenye ujuzi na adabu angelieleza hilo kwa dakika tano, na wasikilizaji wangeelewa, kwa sababu wasikilizaji wa mji huu hawajawahi kukimbia maneno mazito. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo hiyo hiyo, akaja kuishi hapa mwaka 1978. Aliimba kifo, aliimba unyonge wa maskini, na ukimwi ulipokuwa aibu kutamkwa akaimba "Mambo kwa Soksi" juu ya kondomu. Redio iliukataa, watu waliupokea. Kituo kimoja cha daladala huko Sinza kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Nanyi usiku wenu, mwanamuziki pekee kutoka Kivu mlimpandisha saa ambayo wahudumu walikuwa bado wanapanga viti.

Wenzenu waliowahi kufanya kazi kama yenu hawakuogopa jina. Tarehe 1 Agosti 1971, wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walifanya maonyesho mawili Madison Square Garden, New York, kuwachangia wakimbizi wa vita vya Bangladesh. Wakati huo serikali ya Marekani, chini ya Rais Nixon, ilikuwa upande wa Pakistan. Nchi yenyewe ilikuwa bado haijatambuliwa. Wao wakaliandika jina Bangladesh kwenye tamasha, na Harrison akalitunga kuwa wimbo. Walichokosea ni upande wa hesabu: fedha za mlangoni, dola zipatazo 243,000, zilifika UNICEF mapema, lakini mapato ya sahani za muziki na filamu yalikwama kwa miaka katika mgogoro wa kodi, kwa sababu tamasha halikuwa limeandikishwa mapema kama la hisani. Watu wenye nia njema kabisa, na bado wenye njaa walisubirishwa na makaratasi.

Ndiyo maana niliitazama kwa makini ile hundi yenu kubwa ya karatasi ngumu. Kiasi kilikuwa kimeandikwa kwa wino mnene. Mahali pa jina la mlipwaji paliandikwa "Wahanga wa Vita". Hakuna benki inayopokea hundi ya namna hiyo. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Uvira aliitwa jukwaani ashike kona yake. Alivaa kitenge cha kijani, akaishika kwa mikono miwili, akatazama kamera alipoelekezwa. Kipaza sauti kilipitishwa mbele yake kikienda kwa mdhamini, kikapitishwa tena kikirudi kwa mshereheshaji. Mama yule anazungumza Kiswahili, Kiswahili cha kwao Kivu, ambacho sisi sote mle ndani tungekielewa. Yeye ndiye aliyekuwa na la kutuambia, nanyi mkamshusha bila neno.

Naomba mambo mawili, na nayaomba kama mtu aliyelipa. Chapisheni hesabu katika ukurasa mmoja: viingilio vilivyokusanywa, malipo ya ukumbi na wasanii, kilichobaki, nani amekipokea na tarehe gani. Kama hamjapata wa kumpa, kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, mkoani Kigoma. Imewahifadhi Wakongo tangu 1996, na basi linakwenda. La pili, mtafuteni yule mama, mumwombe radhi, na tamasha lijalo mumpe kipaza sauti kabla ya msanii yeyote, aseme alikimbia nini na alimkimbia nani.

Mkifanya hivyo nitakuja, na nitawaleta ndugu na majirani. Msipofanya, mwaka ujao kiingilio changu nitakipeleka Kasulu mwenyewe.

Wenu katika ujirani,
Mlipa kiingilio, Dar es Salaam